Wembe Kabla ya Siku

Mama, ni mimi, Masika wako. Bado niko Butembo kwa dada yako, Tantine Kavugho, katika chumba kile kile ulichofia. Sijui nikuulize hali au niache. Sisi huku si wazima.

Oicha hatujarudi. Wanasema kakao yetu imeiva, imeanguka, imeozea chini. Nani aichume? Wanaoingia shambani wanakatwa mapanga na waasi, kama Baba alivyokatwa. Barabara ya Beni inafungwa, inafunguliwa, inafungwa tena. Nimechoka kuiombea barabara.

Nimekukasirikia, Mama, niseme tu. Tulipomzika Baba ulitoa nje ya nyumba kila chenye makali, kama walivyofanya kwenu mtu akiuawa kwa panga, mpaka siku wafiwa watakaponyolewa nywele na kilio kuisha. Hata mihogo tuliivunja kwa mikono. Hilo nililielewa. Lakini muuguzi alipokuja na kisindano cha kukutoboa kidole apime sukari yako, ulificha mikono ndani ya kitenge. "Hapana sindano mu nyumba hii. Damu ya baba yenu ilitosha. Mungojee kwanza batunyole."

Ukaendelea kumeza vidonge vyako bila kupimwa, ukaendelea kunywa maji. Ulilala mchana kutwa, na sote tukasema ni kilio kinamchosha, aliyefiwa na mume kinywa lazima kimkauke. Sukari ilikuwa inapanda, na sisi tunakuongezea maji tu. Siku ya kunyolewa haikukukuta.

Sasa sikia kilichonitonesha. Baada ya kukuzika, kijana mmoja anayesomea mashine za hospitali alileta kwenye kituo cha afya kisanduku kidogo cha kujaribia. Unaingiza kidole, taa zinawaka, nyekundu na nyingine ambayo jicho haliioni, na kamera iliyomo ndani inapiga picha ya mwanga uliopenya nyama. Kutokana na picha hiyo inakadiria sukari. Hakuna sindano, hakuna tone la damu. Nililia mbele za watu. Mwanga tu, Mama! Mwanga ungekukosea nini? Ungetoa mikono ndani ya kitenge, nakujua, ungecheka hata, ungemwambia apime na kidole kingine.

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akapimwa, kisanduku kikatoa namba. Kisha yule kijana akafungua sindano. Nikamuuliza ya nini tena. "Bado inajifunza, mama. Lazima tulinganishe na damu, sinon, bila hivyo, hatutajua kama inadanganya." Namba mbili zilipishana mbali, akatikisa kichwa. Zamu yangu ilipofika, mikono yangu ilikuwa imeshaingia ndani ya kitenge, kama yako.

Kwa hiyo hata mwanga ungekuomba damu kwanza. Hata kile kidogo nilichokuwa nimepata cha kujiambia, kwamba ungepona kama kisanduku kingefika mapema, nacho kimeondoka. Risasi zilipoanza kusikika karibu, kijana alibeba kisanduku chake akaenda, na hatujamwona tena.

Halafu Kahindo akaanza kunywa maji.

Kahindo wako, kitinda mimba wako. Kikombe chako cha bati hakimtoki mkononi. Amekonda, anasinzia akiwa ameketi. Nikasema apimwe. Tantine akanijibu kwa maneno yako: "Muache kwanza, analilia mama yake. Sindano hapana, mpaka munyolewe." Na kilio cha Baba hakijaisha, chako kimewekwa juu yake, na wa kutunyoa ni wajomba, nao wako Beni. Barabara imefungwa, Mama. Unaona?

Leo asubuhi nimechukua wembe. Nimemketisha Kahindo nyuma ya nyumba, kwenye maharage ya Tantine, nikamnyoa, kisha akaninyoa mimi. Hapakuwa na mjomba, hapakuwa na wimbo wa kanisani, hapakuwa na chakula. Akaniuliza, "Masika, tumeisha kulilia mama?" Nikasema ndiyo. Tantine alipoona vichwa vyetu aliketi chini palepale. Hakunitukana. Alisema tu, "Mumemutupa mama yenu."

Kisha nikampeleka Kahindo akatobolewa kidole. Namba ni mbaya sana. Muuguzi anasema anahitaji insulini upesi, na hapa imekwisha. Iko Beni, labda.

Nakuahidi hivi: kesho kukicha nitapanda na yeyote atakayethubutu kwenda Beni, na nitaiulizia kila mlango. Kilio nilichokukatia nitakimaliza peke yangu, hata kama ni mpaka nife. Ila Kahindo simruhusu tena kukulilia, hana nguvu ya kupoteza.

Buriani, Mama. Naogopa atakufikia kabla mimi sijarudi. Akija, utaona kichwa chake kitupu. Usimkaripie. Mshike, umwambie ni mimi niliyemnyoa.

Masika