Mume Wangu Anamfufua Mzee Taratibu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya la kumvunja moyo mume wangu au mama yake, maana nimebanwa katikati na wote wawili nawapenda. Mume wangu ni fundi wa makochi, mimi nashona vitambaa vyake kwenye karakana hiyohiyo, na mama mkwe, nesi mstaafu, anaishi nasi tangu baba mkwe afariki mwaka jana. Ili asikae kinyonge, mume wangu alimwekea mchezo kwenye simu, wa mzee mmoja na punda wake wanaopeleka dawa vijiji vya milimani, unamlisha, unamlaza, unamkinga na baridi, na akifa ndiyo kafa, mchezo unamfuta kabisa. Upo mwingine ambao mtu akifa anarudi, mama akaukataa, akasema, "Kama hafi, namchunga wa nini?" Mzee wake akamwita Taratibu, jina la utani la marehemu, akamchagulia na kofia kama yake, basi nyumba nzima ikawa inauliza, Taratibu kala? Taratibu kavuka?

Wiki iliyopita Taratibu akateleza kwenye daraja la kamba, akafa. Mama alilia kidogo, akaweka simu, akasema, "Basi, kapumzika," akaenda kuosha vyombo, na kesho yake akawa anamsimulia jirani jinsi punda alivyogoma kuvuka na mzee asimsikilize, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikadhani yamekwisha, kumbe kwa mume wangu, ambaye hata msibani kwa baba yake sikumwona akitoa chozi, ndiyo kwanza yanaanza. Makochi ya watu yako uchi, yeye kajikunja kwenye kochi lisilo na springi analea Taratibu mwingine, kofia ileile, punda yuleyule, anataka akimvusha lile daraja amwambie mama kwamba simu ilikosea, mzee hakufa. Ananibembeleza, "Mke wangu, usiniharibie, mama atafurahi." Nikinyamaza namdanganya mama aliyenipokea kama mwanawe, nikisema namuumbua mume mwenye nia njema, sasa nifanyeje?

Mke wa fundi makochi

*

Mke wa fundi, pole. Wenzako huniandikia waume zao wamepotelea nyumba ndogo, wako kapotelea kwa punda. Shukuru kidogo, kisha nisikilize.

Unamhangaikia mtu asiye na shida. Mama mkwe wako ni nesi, amewafumba macho wengi kuliko makochi aliyoyavalisha mumeo, na mchezo huo aliutaka kwa sababu mtu wake anaweza kufa. Alimlea, akamlilia, akamcheka, akamaliza. Mkimrudishia leo, mnamwambia machozi yake yalikuwa ya bure. Tena hamumwezi: aliyemlisha mzee wake kila siku atamtambua wa bandia kabla hajapiga hatua mbili.

Mfiwa humo ndani ni mumeo, mwanangu, na umelala naye kitanda kimoja mwaka mzima usione. Amempata mzee mwenye jina la baba na kofia ya baba, na safari hii anaweza kumvusha. Huo si utoto, usimcheke. Ila usimwache peke yake humo.

Kwa mama usimshitaki. Mwambie mumeo waziwazi kwamba wewe hutashiriki uongo huo. Halafu mkifunga karakana leo, mkalishe karibu na mama yake, nawe umuulize mama mbele yake baba alikufaje. Namsema baba mwenyewe, wa kwenye simu muacheni. Alikuwa na hofu? Alisema nini? Alimtaja mwanawe? Mama anajua, na mumeo hajauliza kwa sababu anaogopa jibu. Mshike mkono. Akilia, usimnyamazishe, hata kama vitambaa vyote vitalowa.

Kesho avalishe makochi ya watu, hilo msilijadili. Na huyo Taratibu wa pili usimguse. Akiwa tayari, mumeo atamfuta kwa mkono wake mwenyewe.