Scanner ya tonton Idrissa ku dirisha

Aïcha, uko wapi? Pokea téléphone! Bon, minaandika tu.

Unajua tonton Idrissa na ile kikohozi yake. Alienda Kinshasa, wakamupiga scanner ya kifua. Juma iliyopita alirudia, na kutoka aéroport ya Bangboka mupaka nyumbani ni scanner, scanner. Eti mapafu iko safi!

Ile film ya scanner, ma chère, aliitundika ku dirisha ya salon. KU DIRISHA. Rideau alitosha, juu mwangaza ipite, wageni waone mapafu yake. Mutu akiingia, mbele ya salamu: «Angalia, hakuna kitu!» Na kikohozi inafuata. Juu ya sahani ya pilau yenye tulikuwa tunakula wote! 😭

Tante Hadidja, bibi yake, alikuwa naye kwa docteur kule. Docteur alisema: «Scanner haikuona kitu leo, lakini ugonjwa inaweza kuwa ingali mwanzo. Upimishe makohozi.» Tonton alisikia «haikuona kitu», akasimama, akavaa kofia.

Tante alimulazimisha, njo akapima makohozi huku. Leo infirmier amefika na matokeo, mi niko pale. Tuberculose, Aïcha! Na wote wenye tulikula naye, twende tupimwe.

Unajua tonton amejibu nini? Amemushika infirmier mukono, amemupeleka ku dirisha. «Angalia, hakuna kitu!» Na amekohoa.

Tante ametosha ile film ku dirisha, ametoka nayo inje, ameanza kupepea nayo moto ya makala ku mbabula ya kupikia.

«Sasa,» anasema, «inasaidia mutu.»