Mafuta na Maji Yamepatana Lushoto

Mpendwa Mama Zuhura,

Natangaza rasmi, na majirani waambiwe: mumeo amepatanisha mafuta na maji.

Mdogo wako Shekiondo ana miti ya peasi iliyojaa wadudu. Msimu uliopita aliipulizia mafuta yaliyochanganywa na maji. Mafuta yakajitenga ndani ya bomba, yakaunguza majani, asivune kitu. Safari hii bwana shamba kamletea chupa ya dawa mpya ya kuchanganyia. Anasema chembe zake ni kama nyuzi: katikati hushika mafuta, ncha zote mbili hushika maji, basi matone ya mafuta hayaungani tena. Kweli, ndoo ikawa nyeupe kama maziwa, ikatulia hivyo hivyo.

Mimi, fundi wa kila kitu, nikaongeza sabuni ya kufulia, tena nyingi, kama tufanyavyo Tanga kwa maji yetu ya kisima yenye chumvi. Kumbe maji ya mlimani hayana ukaidi huo. Povu likafurika, likanilowesha suruali.

"Shemeji," Shekiondo akaniuliza, "umekuja kupulizia miti au kuoga?"

Baridi ya huku haina adabu. Mungu akutunze, na kikohozi cha Zuhura kiishe.

Ukweli wenyewe ni huu: alimwaga ndoo yangu, akachanganya nyingine na kupulizia peke yake, mimi nikapelekwa jikoni kuchambua maharage na mkewe. Leo asubuhi amepita mti kwa mti akipapasa majani. Yote mabichi. Amerudi akiimba, hata shikamoo yangu kaisahau, nami sikumkumbusha.

Baba Zuhura