Moshi wa Wifi Kwenye Gauni la Harusi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijammwagia mtu ndoo ya maji akiwa na sigara mdomoni. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi nyumbani, na huu ni mwezi wa nne tangu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aachike akahamia kwetu, na huyu mama anavuta tangu anaamka, tena havutii nje wala chumbani kwake, anavutia chumba changu cha kazi eti kina dirisha kubwa, anakalia kiti cha wateja na kukung'utia majivu kwenye kopo langu la vifungo, nikisema ananijibu, "Nyumba ni ya mdogo wangu, wewe umeikuta," na mume wangu naye, "Mvumilie, ndiye aliyenilea," basi nimevumilia, nimefua mapazia mara tatu, nimepaka ukuta rangi mpya na wiki haikuisha yakatokeza madoa ya njano, nimenunua manukato nikayapuliza hadi kwenye nguo, na wiki iliyopita bibi harusi alipovaa gauni langu mwili ukapata joto, moshi ukaamka, mama yake akanirudishia gauni mbele ya wateja wawili akasema, "Umemnukisha mwanangu siku ambayo hatairudia," nililia, mshauri, na sasa gauni la Jumamosi limetundikwa humo humo, na wateja wakinikimbia sina kazi nyingine ninayoijua. Usiniambie nigombane na wifi. Nipe dawa ya harufu tu.

Fundi Mwenye Hasira

Fundi, pole. Ila sentensi zako mbili za mwisho zimenikasirisha kuliko wifi yako. Unataka kukausha sakafu huku bomba linavuja? Hakuna dawa ya harufu inayofanya kazi mbele ya sigara inayowaka.

Na wewe pia una lako. Ulipaka rangi juu ya masizi. Ulipuliza manukato kwenye gauni, kisha bila shaka ukalipiga pasi ya mvuke, wewe fundi mzima, hujui mvuke unafukua kila kilichojificha kwenye kitambaa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kwa yule binti ukamwombe radhi, na usimtaje wifi.

Leo hii toa gauni la Jumamosi, lipeleke kwa jirani asiyevuta, litundikwe kivulini penye upepo, na pasi isiliguse mpaka pua ya mtu mwingine iseme halinuki. Kisha osha chumba: dari, kuta, feni, hata balbu, kwa maji ya moto, sabuni na siki kidogo, ukibadilisha maji kila yakigeuka njano. Mapazia suuza kwa siki. Kile kiti toa kitambaa na sponji, utupe. Acha beseni la mkaa mkavu humo siku kadhaa. Rangi ni baadaye.

Mume wako mwambie hivi: "Aliyekulea namheshimu, na kiti chake kipo nje, nimekiweka mwenyewe." Akinuna, anune. Wifi kuachwa kunamuuma, lakini si wewe uliyemwacha.

Halafu weka kitasa kipya kwenye mlango wa chumba cha kazi, ufunguo uvae shingoni. Wifi akibisha, fungua kidogo, shika futi yako, umuulize kwa adabu amekuja kupimwa nguo gani.