Mawese Kwenye Bunduki ya Mkwe Wangu

Jumatano, mwezi wa saba. Mpanda.

Alfajiri ya leo, huko kwetu Usevya, katika Mpimbwe, baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Sasa ni jioni, niko gesti karibu na hospitali, na moyo wangu bado haujapata joto. Wala huruma.

Nilikuwa askari wa wanyamapori mpaka nilipostaafu, na jambo hili nalijua vizuri: bunduki nyingi zinazogoma wakati wa kipupwe hazikukosa mafuta. Zilipewa mafuta yasiyofaa.

Juzijuzi nilimwita mkwe wangu Gervas, mume wa binti yangu Yustina. Ndiye aliyekabidhiwa bunduki ya kijiji ya kufukuzia viboko mashambani. Alikuwa akiipaka mawese, yale yale ya kukaangia, kwa sababu wakati wa jua kali huteleza vizuri kwenye chuma. Niliacha visahani nje mpaka asubuhi: mawese, grisi, oili ya pikipiki na mafuta ya cherehani. Kulipokucha nikaviinamisha mbele yake. Mawese yalikuwa yameganda kama sabuni. Grisi haikusogea. Oili ilijikokota. Mafuta ya cherehani tu ndiyo yaliyokimbia.

Nikamwagiza aioshe bunduki kwa mafuta ya taa, aikaushe, kisha atie tone dogo la mafuta ya cherehani na kulifuta mpaka chuma kibaki na unyevu tu. Mafuta mepesi, tena machache.

Alicheka. "Baba, hapa ni Mpimbwe, si Ulaya kwenye theluji."

Leo Yustina alikwenda kuchuma mboga kando ya mto. Kiboko alikuwa amechelewa kurudi majini, na binti yangu alikuwa amesimama kwenye njia yake. Gervas alikuwa karibu. Kazi yake ilikuwa kupiga hewani. Alivuta kifyatulio, ikalia kidogo, basi. Akakoki, akavuta tena.

Kiboko akamuuma Yustina mguu.

Kabla ya gari la kumpeleka hospitali kufika niliifungua bunduki mbele ya mtendaji wa kijiji. Pini ilikuwa imezama kwenye mawese yaliyoganda; ilikuwa inaigusa risasi badala ya kuigonga.

Daktari amesema mguu utakatwa kesho, chini ya goti.

Gervas alikuwa amemwambia mkewe kwamba risasi zilipata unyevu. Alinisimamisha mlangoni mwa wodi akanisihi niuache uongo huo ukae. "Baba, nakuomba. Akatwe kwanza, apone, ndipo umwambie."

Nikamjibu, "Mguu mbovu unakatwa. Mume mbovu je, tutamkata wapi?"

Muuguzi aligeuka kunitazama. Sikujali.

Niliingia nikamweleza Yustina yote, mumewe akiwa ameshika chuma cha kitanda: visahani, kicheko, mawese. Nilisema polepole ili asipitwe na neno. Nikamwambia ameolewa na mpumbavu, na kwamba mguu wake ndio bei ya upumbavu huo.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Alirudi kutoka kwako akaniomba mafuta ya cherehani yangu. Nikamkatalia, yalikuwa yamebaki kidogo na nina sare za shule za kushona. Mawese nilimmiminia mimi. Sasa nitukane na mimi, Baba."

Gervas alikuwa anajua. Ndiyo maana alinisihi: hakutaka mkewe ajilaumu kwa mawese yale.

Cherehani ya Yustina ni ya kukanyaga kwa miguu.

Sikumtukana. Sikuomba radhi pia. Niliyoyasema kuhusu mafuta ni sahihi, na siyafuti. Lakini nilipotoka hakuna aliyenisindikiza, na kwa mlango ulioachwa wazi nilimwona binti yangu akiuvuta mkono wa yule niliyemwita mpumbavu, akiuweka shavuni.

Kesho watamkata. Nitakwenda, kwa kuwa mimi ni baba yake. Je, atataka nimwone?