Kile Kiti cha Meza ya Mbele

Nyakakika,
Karagwe.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Elipidius,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo hata kama umeninunia. U hali gani huko Tunduru? Kile kifua bado kinakusumbua? Mimi ni mzima, ila goti la kulia limegoma, na macho yananilazimisha kuandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kahawa imezaa vizuri mwaka huu, tunaanika.

Nimetimiza miaka sabini, ndugu yangu. Na hawa watoto wamenifanyia mambo!

Mwanzoni nilidhani nimetengwa. Wiki mbili nzima Uwamahoro, jirani yangu ambaye hunywa naye uji kila asubuhi, hakukanyaga kwangu. Nikimwita ng'ambo ya kibanja ananijibu, "Nina haraka, mama," halafu anatokomea migombani. Binti yangu Adela naye nikimpigia anakata simu. Nikasema haya, nimeshawachosha. Nililia, sikufichi. Nikawa napika uji wa mtu mmoja, na huo nao unanishinda.

Jumamosi iliyopita ile, tarehe sita, Adela akaja kunichukua twende Kayanga kununua kitenge. Alinizungusha sokoni mpaka nikamtukana. Kurudi nyumbani, lo! Maturubai uani, viti, muziki, watu kama wa Pasaka, na keki yenye jina langu. Kumbe wote walikula njama. Uwamahoro ndiye alikuwa mpishi mkuu, na alinikwepa kwa sababu anajijua, mdomo wake haufungi. Nilimchapa kofi la mgongo, tukacheka mpaka machozi.

Sasa sikiliza. Unajua kwetu hapa wageni hukaribishwa kwa kahawa za kutafuna, na wanangu waliamua za kwanza wapewe watu wa kwetu nilikozaliwa. Mshereheshaji akasoma karatasi yake, "Tunawaomba ndugu wa ukoo wa bibi wakae meza ya mbele, wapokee kahawa." Nikamwona mwanangu Mutalemwa anamkonyeza aruke hapo, lakini wapi! Meza ilikuwa na kitambaa cheupe na kiti kimoja. Watu wote wakageuka kutazama njia. Mimi pia nikatazama.

Hakuna aliyetokea. Baba na mama hawapo, dada zetu tumewazika wote. Nilikaa pale katikati ya watu zaidi ya mia, nimevaa taji la maua ya plastiki, nikajiona mpweke kuliko hata siku niliyomzika mume wangu.

Ndipo Uwamahoro akatoka jikoni na kanga yake ya kupikia, akakaa kwenye kile kiti, akapokea kahawa kwa mikono miwili. "Leo ukoo wake ni mimi," akasema. Watu wakapiga makofi. Mwanamke aliyefika hapa kutoka Rwanda bila ndugu hata mmoja, Elipidius! Mungu amlipe.

Kesho yake jioni wote walikuwa wameondoka, kazi ni kazi. Nikabaki na nusu ya keki, na redio mpya inayozungumza peke yake sebuleni.

Juzi Ijumaa ndipo Mutalemwa aliponiambia ukweli. Kile kiti kilikuwa chako. Walikualika kwa siri, ukakubali, wakanificha ili nishtuke kwa furaha. Jumatano ile kabla ya sherehe ukamwambia kesho unapanda basi. Tangu Alhamisi simu yako haipatikani, na wenye basi wanasema hukupanda. Wiki nzima amekaa na jambo hilo, eti presha yangu itapanda. Nilimfokea, akalia, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu.

Elipidius, kama ni yale niliyokwambia mama alipofariki, hukufika kuzika nami nikakwambia usikanyage tena kwetu, basi nisikilize. Nilisema kwa uchungu. Halafu miaka tisa nikashindwa kuyafuta, kwa kiburi tu. Kosa ni langu. Leo nayafuta mbele ya Mungu. Nisamehe, mdogo wangu. Njoo hata mikono mitupu, njoo hata kama huna la kusema. Hawa wote wananiita mama na bibi, na ninawapenda, lakini ukiniacha wewe hakuna tena anayenijua nilipokuwa mtoto.

Na kama unaumwa, sema. Nitakuja mwenyewe na goti langu hili.

Adela, Mutalemwa na Uwamahoro wanakusalimu sana, pamoja na wajukuu ambao hujawaona. Mungu akulinde popote ulipo, na akuonyeshe njia ya huku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokufokea,

Sperancia

N.B. Naituma barua hii kwa sanduku la parokia yako kama zamani. Wewe utakayeifungua, kama si Elipidius, nakuomba sana: namba ya mwanangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga, kisha umwambie anipe simu mimi mwenyewe. Nitaketi kwanza. Halafu uniambie.