Faiba Ipite Wapi

Mikindani, Mombasa, 9 Februari 2025

Baba yangu Kaingu,

Shikamoo. Huku mimi mzima, joto tu ndilo linalonitesa. Kiuno chako je? Nimemkuta jirani yetu Kafedha sokoni Kongowea, ameleta mihogo yake, akaniambia ulianguka ukitoka kisimani, ukalala chini mpaka mbuzi wa jirani Jefwa wakaja kukuchungulia. Mbona hukuniambia? Wiki nzima nakupigia, simu haipatikani. Najua huko mtandao mpaka upande kilima, na kwa kiuno hicho usithubutu. Ndiyo maana nimempa Kafedha barua hii.

Bado nawafundisha Wazungu wangu Kiswahili kwenye kompyuta. Kazi haina neno. Lakini tangu Mama atutoke, kukuwaza wewe peke yako pale nyumbani kunaninyima usingizi. Niandikie ukweli, Baba.

Bintiyo,
Jumwa


Ganze, 16 Februari 2025

Binti yangu Jumwa,

Marahaba, mwanangu. Kiuno kimepoa, kinanikumbusha tu nikiinama. Kafedha naye anapenda kuongeza chumvi. Alikuwa mbuzi mmoja, tena mdogo. Na hao Wazungu wako wamejua kuitikia marahaba, au bado ni jambo, jambo?

Huku kuna vituko. Wamekuja watu wa faiba, wanachimba mtaro kutoka barabarani mpaka zahanati ili wapitishe waya wa intaneti, na kila boma linalopitiwa litaunganishwa. Walipofika kwetu wakavuta kamba yao, ikapita juu ya kaburi la mamako. Nikawauliza, hili hamlioni? Msimamizi wao akajibu kwamba kaburi linaweza kuhamishwa, hivi hivi, kama anazungumzia kibanda cha kuku. Nilichukua jembe nikasimama pale, nikawaambia atakayechimba aanze na mimi. Wakafungasha wakaenda zao.

Sasa Jefwa hasemi nami. Ati nimekizuilia kijiji kizima maendeleo. Na asiseme, mimi na uzee huu intaneti ya nini?

Babako,
Kaingu


Mikindani, 2 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya. Nimechelewa kujibu, niwie radhi. Barua yako niliisoma nikalia, nikaiweka, nikaisoma tena.

Kuna jambo nilikuficha, nilitaka nikushtukize. Kazi yangu hii haina haja na Mombasa, inataka mtandao tu. Niliposikia faiba inakuja kwetu, nikamwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa Machi nahama. Nilitaka kurudi nyumbani, Baba, na si kwa likizo. Nikuchotee maji, tule pamoja, unicheke ninavyounguza wali.

Lakini Mama hachimbwi. Ningekuwepo ningeshika jembe la pili. Nitamwambia mwenye nyumba nimebadili nia, naendelea kukaa. Usijilaumu hata kidogo. Pasaka nitakuja siku zangu mbili kama kawaida.

Bintiyo,
Jumwa


Ganze, 23 Machi 2025

Jumwa wangu,

Marahaba. Kiuno kizuri, usikiulize tena. Ukimya wangu usikutie hofu, nilikuwa na kazi.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilishika fimbo nikaenda zahanati kuwatafuta wale watu wa faiba. Walidhani nimekuja kuwapiga. Nikawarudisha nyumbani mimi mwenyewe, nikamchinjia msimamizi jogoo, tukapima pamoja. Upande wa juu wa kaburi ni mwamba, umeishinda mashine yao. Upande wa chini palikuwa na nafasi, na ndipo faiba ilipopita. Mamako hakuguswa hata jiwe moja.

Nakwambia mapema usije ukaona mwenyewe ukaanza kulia mbele ya watu. Nafasi hiyo ilikuwa yangu. Niliitenga siku ile tuliyomzika, ili nami nikifa nilazwe kando yake. Sasa palipopita waya hapachimbwi tena, na nimelikubali hilo mbele ya mzee wa kijiji.

Jioni nilikaa na mamako nikamweleza. Maisha yetu yote alilalamika kwamba nakoroma, basi apumzike kidogo. Mimi mtanizika kule karibu na zizi. Usifikiri sikuumia, niliumia sana, mwanangu. Lakini nikae hapa peke yangu nalinda shimo langu, na mtoto wangu yuko Mikindani ananililia? Mamako asingenielewa.

Wameleta kisanduku chenye vitaa, nimewaambia wakifunge chumbani kwako. Jefwa huja kila asubuhi kukitazama, na sasa tunasemezana. Mwambie mwenye nyumba unahama kweli. Njoo na godoro lako, la hapa limeliwa na panya. Siku nilizobakiwa nazo nataka kukaa na wewe.

Babako,
Kaingu